Safari Isiyo na Mgonjwa

Bi Mwatum wa Kengeja alikuwa amepanda meli mara kadhaa maishani mwake, na kila mara alipanda akilia au akikaribia kulia. Safari ya kwanza alimpeleka mama yake hospitali, Unguja. Nyingine alikwenda kumzika wifi yake. Nyingine tena alifuatana na mumewe mwenyewe, wakaenda wawili, akarudi peke yake. Katika safari zote hizo hakuitazama bahari wala mji. Alitazama chupa ya dripu, akatazama mlango wa daktari usiofunguka. Watu walipomuuliza Unguja kukoje, alikuwa na la kusema moja tu, kwamba hospitali ina ngazi nyingi na sakafu yake inateleza.

Kwa hivyo, mchana ule walipokuwa wamelizunguka sinia, aliposema kwamba anataka kwenda milimani, mwanawe Ridha alibaki na tonge mkononi.

"Nani anaumwa huko, mama?"

"Hakuna anayeumwa. Nataka kwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mlima. Na mawingu."

Ridha alimtazama mkewe Safaa, na Safaa akainamia samaki wake, akawa anamtolea miba mtoto ambaye hata hakuomba samaki.

Mambo yalianza na simu. Abdulnasir, mtoto wa mdogo wake Bi Mwatum, alikuwa akiishi Tanga na kazi yake ilikuwa kuleta mboga kutoka Lushoto. Siku moja alimtumia mama yake mkubwa video fupi aliyoipiga barabarani alfajiri. Gari ilikuwa imesimama ukingoni, na chini yake, pale ambapo mtu angetarajia kuona mashamba na nyumba, palijaa mawingu meupe kama pamba iliyochambuliwa. Bi Mwatum aliitazama ile video akidhani simu imepinduka. Aliigeuza. Akaitazama tena. Kisha akampigia Abdulnasir.

"Hebu niambie, mwanangu. Yale mawingu yako chini ya gari?"

"Chini kabisa, mama mkubwa. Sie tuko juu yake."

"Na mtu wa kawaida anafika hapo? Hata mwanamke mtu mzima kama mie?"

"Anafika kila mtu. Barabara ya lami."

Toka siku ile ikawa haipiti siku bila yeye kuifungua ile video. Aliitazama akimenya muhogo wa kachori alizokuwa akiuza karibu na skuli, na wajukuu wake wakaitazama naye, mmoja kila ubavu. Yumna alikuwa kavuka miaka mitatu na kila kitu alikiulizia jina lake, kisha akaulizia kwa nini kinaitwa hivyo. Suhail hajatimiza miwili. Yeye hakuuliza, alionja. Wazazi wao walitoka asubuhi, Ridha kwenye gari ya abiria aliyokuwa akiiendesha Chake Chake, Safaa kwenye darasa lake, na watoto wakashinda na bibi yao shambani kwenye migomba, jikoni, na msalani akimfukuza mmoja huku mwingine anamtoroka. Hapakuwa na mtu duniani aliyewajua watoto wale kama yeye.

Ndiyo maana alipoulizwa watoto watabaki na nani, alishangaa.

"Wabaki? Si tunakwenda nao?"

Safaa, ambaye kwa kawaida hakumpinga mama mkwe wake, alijaribu kwa upole. "Mama, watoto hawa tukienda nao Mkoani tu tunarudi hoi. Huko ni mbali. Meli, halafu gari, halafu mlima, halafu baridi."

"Najua ni mbali. Basi ndiyo tukae tupange."

Jirani yake, Bi Asma, alipolisikia lile jambo alivuka ua mara moja, kanga bado imeloa maji ya kufulia.

"Mwatum, watoto wadogo hawakumbuki kitu. Utawabeba bure mpaka huko juu, na wakikua hawatajua kama walifika."

"Mie ntakumbuka," Bi Mwatum alimjibu. "Na nikiwa huko nataka mtu wa kuniuliza hiki nini, kile nini. Watu wazima hawaulizi. Wanatazama mara moja, wanasema ehe, wanataka chai."

Bi Asma alicheka mpaka akakaa kitako. Kisha akauliza kama wanahitaji chupa kubwa ya chai, kwa sababu yake haimwagi.

Wakapanga waende mwezi wa Juni, skuli zikifungwa. Ridha aliomba ruhusa kwa mwenye gari akapewa, na nyumba nzima ikaingia kwenye shughuli kama inayongoja harusi. Bi Mwatum alikwenda Chake kwenye mitumba akatafuta masweta. Muuzaji alimuuliza anayataka ya nini katika joto hili, naye akamjibu kwa sauti ya kusikika na duka la pili, "Tunakwenda mlimani." Akarudi na sweta jekundu la Yumna, na la Suhail lenye picha ya mnyama ambaye hakuna aliyekubaliana na mwenzake kama ni dubu au mbwa. Yumna alilivaa lake papo hapo na akakataa kulivua. Alilala nalo. Aliamka jasho linamtiririka, nywele zimeganda kwenye paji la uso, na bibi yake alipotaka kumvua alipiga yowe lililowatoa kuku bandani. Mwishowe walikubaliana kwamba sweta litamsubiri ndani ya begi, na yeye aende akalichungulie kila anapotaka. Akawa anakwenda kulichungulia kutwa.

Kubwa lililomsumbua Bi Mwatum lilikuwa ni kona. Abdulnasir alikuwa amemwambia kwamba kutoka Mombo kupanda juu barabara inajipinda kama utumbo wa mbuzi, na wageni wengi hutapika. Alilifikiria hilo siku mbili tatu, kisha akaja na wazo.

"Tuwajaribu kwanza hapa hapa," alisema. "Tuombe kigari cha jirani Mzee Shaame, twende Msuka kwa wazee wa Safaa. Lakini Chake hadi Wete tupite barabara ya zamani, ile yenye kona."

Ridha aliona ni upuuzi, lakini Safaa alikuwa hajawaona wazee wake toka Idi, akaliunga mkono upesi. Mzee Shaame alitoa gari, akaomba jambo moja tu, kwamba watoto wasile embe ndani yake.

Embe hawakula. Lakini Suhail alikunywa maziwa kikombe kizima kabla ya kuondoka, na gari ilipoanza kuyumba kwenye kona za huko mbele, chini ya mikarafuu, alinyamaza. Bi Mwatum aliuona ule unyamavu. "Simamisha," alisema. Ridha akasimamisha, lakini hakuwahi. Maziwa yalikuwa yamefika kwenye buibui la Safaa, kwenye kiti, na kwenye kiatu kimoja cha Yumna, ambaye aliuliza kwa utulivu kabisa kwa nini maziwa yamerudi.

Walioga na kubadilisha nguo Msuka. Wazee wa Safaa waliwalisha, wakasikiliza habari ya mlima, wakashangaa, wakawaombea. Wakati wote huo Bi Mwatum alikuwa akifikiri. Walipojitayarisha kurudi, alitoa amri zake. Hapana maziwa tena. Watoto wale mkate mkavu na kipande cha chenza. Suhail asikae nyuma kabisa, akae katikati apate kuona mbele, na dirisha liwe wazi. Na poti iwekwe karibu na mlango, isifukiwe chini ya mizigo, kwa sababu Yumna alipoiomba ilibidi watoe kila kitu barabarani ndipo waipate, na walipoipata alikuwa keshamaliza haja yake.

Walirudi kwa njia ile ile, kona zile zile. Suhail alikula chenza, akaimbiwa, akalala. Walipofika Kengeja, Bi Mwatum alishuka garini uso umemng'aa.

"Tumefaulu," alimwambia Bi Asma aliyekuwa mlangoni. Bi Asma aliliangalia buibui la Safaa lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaamua kutouliza.

Lakini baada ya siku ile, Ridha alibadilika. Kila jioni alikuja na neno jipya. Mara alisikia bahari itachafuka. Mara mwenye gari huenda akamwita kazini. Mara kifua cha Suhail si kizuri, ingawa Suhail mwenyewe alikuwa akimfukuza jogoo uani bila kupumzika. Safaa alianza kukata tamaa polepole, akaacha kukunja nguo. Bi Mwatum alimbeba Ridha tumboni na mgongoni, na alijua kwamba kijana huyu akitafuta sababu nyingi, huwa iko moja ambayo hajaitaja.

Alimfuata alasiri moja, Ridha akiosha gari. Alichukua ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Mwanangu, nini hasa?"

Ridha aliendelea kusugua tairi ambalo lilikuwa limeshatakata. Halafu akakaa chini.

"Mama, niliitazama ile video ya Abdulnasir. Nyie mnatazama mawingu. Mie naitazama barabara. Upande huu jabali, upande huu hamna kitu. Nimeendesha Pemba hii maisha yangu yote. Hapa kilima kikinishinda nitaingia kwenye migomba ya mtu, tutatukanana, basi. Kule nikikosea, nina wewe, na mke wangu, na watoto wangu wote wawili ndani."

Bi Mwatum alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia uendeshe weye?"

Ridha aliinua uso.

"Si mie dereva?"

"Dereva wa Kengeja. Abdulnasir anapanda mlima ule kila wiki, na gari ni yake. Mbona mie nilijua toka mwanzo kwamba yeye ndiye atakayeendesha? Nilidhani na weye unajua."

Ridha hakujua. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, kwa kuwa alihesabu kwamba mwanamume mwenye leseni hawezi kukaa nyuma na watoto. Alicheka kidogo, akajimwagia maji usoni kama aliyetoka juani. Kuanzia jioni ile ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Alifunga mizigo, akaifungua, akaifunga upya. Alimnunulia Suhail kofia ya masikio. Alimfuata Mzee Shaame barazani kumwelezea kona za Mombo kana kwamba amezipita.

Wakaondoka Mkoani asubuhi ya bahari tulivu. Bi Mwatum alikaa kwenye kiti cha dirishani, na kwa mara ya kwanza akaiangalia bahari. Alishtuka jinsi ilivyokuwa na rangi nyingi. Alimwonyesha Yumna mahali ambapo buluu inageuka kijani, na Yumna akauliza ni nani aliyeitia rangi, naye akamwambia ni Mwenyezi Mungu, na Yumna akauliza kwa brashi gani. Bi Mwatum alicheka kwa sauti mpaka abiria wa mbele wakageuka. Hakuona haya. Katika meli hii hakuwa na mgonjwa wa kumchunga wala msiba wa kuuwahi.

Abdulnasir aliwapokea Tanga na Noah yake iliyofagiliwa, bado ina harufu ya vitunguu. "Shikamoo, mama mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Mawingu yapo?" Akamhakikishia yapo. Walilala kwake, na asubuhi wakashika njia. Ilipita Muheza, ikapita Segera, ikapita Korogwe. Mashamba ya mkonge yalijipanga mistari mpaka macho yanachoka, na Yumna akataka washuke wachume yale mananasi. Suhail alikaa katikati, chenza mkononi, dirisha wazi. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa.

Mombo wakasimama, wakanywa chai ya Bi Asma. Kutoka pale mlima ulionekana. Bi Mwatum alishuka garini akasimama kuutazama. Ile video haikuwa imemwonyesha huu ukubwa. Ulikuwa kama ukuta wa kijani uliopanda mpaka ukakosa pa kuishia, na ncha zake zimefichwa. Moyo ulimdunda kama wa msichana.

"Na sie tunapita wapi?" aliuliza.

"Pale," alisema Abdulnasir, akaonyesha ukuta wenyewe.

Wakaanza kupanda. Gari iliinamia kushoto, ikainamia kulia. Maji yalikuwa yakivuma chini bondeni, hewa ikabadilika harufu, ikawa ya majani mabichi na moshi wa kuni. Bi Mwatum alimkodolea macho Suhail kwenye kila kona. Suhail alikuwa akipiga makofi. Alimtazama Yumna. Yumna alikuwa akihesabu kona na kila moja aliiita tano. Ndipo alipogundua kwamba kuna mtu mwingine aliyenyamaza.

Ridha alikuwa ameegemea kioo, midomo imekauka, uso umekuwa wa kijivu.

"Simamisha," alisema Bi Mwatum.

Safari hii waliwahi. Ridha alishuka mbio, akaishika nguzo ya ukingo wa barabara, na mkate wa Safaa wote ukabaki kwenye majani ya Usambara. Yumna alitoa kichwa dirishani.

"Baba, umekunywa maziwa?"

Safaa alijitahidi asicheke, lakini alipomwona mama mkwe wake amejifunika uso kwa mtandio na mabega yanatikisika, alishindwa. Hata Abdulnasir alilazwa na kicheko juu ya usukani. Ridha mwenyewe alirudi akijifuta mdomo, akiwa hoi, akicheka nao.

Walifika Soni wakapumzika karibu na maporomoko. Ridha alikula chenza, akanawa uso, akasimama akiitazama njia iliyobaki. Halafu akamwendea Abdulnasir.

"Ndugu yangu, nipe usukani."

Abdulnasir alimtazama Bi Mwatum. Bi Mwatum alimtazama mwanawe.

"Huogopi?"

"Naogopa, mama. Lakini nikikaa nyuma nitatapika mpaka Lushoto. Mtu akiendesha hatapiki. Na Abdulnasir atakaa hapa ubavuni kwangu, akiniambia punguza ntapunguza."

Bi Mwatum alifikiri kidogo. Angeweza kukataa, na Ridha angetii. "Haya," alisema. "Lakini polepole. Hatuendi kuzika."

Ridha alikwenda polepole hata punda wa barabarani akawapita, kama alivyosimulia Abdulnasir baadaye kwa wenzake sokoni. Mikono yake ilishika usukani kama anayemshika mtoto mchanga. Abdulnasir alimwambia piga honi hapa, ingia gia ya pili hapa, mpishe huyu wa roli. Baada ya kona kadhaa mabega ya Ridha yalishuka mahali pake. Baada ya nyingine alianza kuuliza hiki kijiji gani, huu mti gani. Uso wake ulirudia rangi yake.

Na karibu na kufika, dunia ikapotea. Ilikuja polepole, nyeupe, ikapita juu ya kioo, ikaingia madirishani na ubaridi wake. Taa zikawashwa. Ridha alipunguza mwendo zaidi.

"Nini hiki, bibi?" aliuliza Yumna.

Bi Mwatum alitoa mkono nje ya dirisha. Ulirudi umelowa.

"Hili wingu, mama. Tumo ndani yake."

Yumna naye alitoa mkono, kisha akaulamba. Suhail alipoona, akaulamba wake.

Lile wingu lilikaa juu ya Lushoto siku nzima na usiku wake. Kwenye nyumba ya wageni masweta yalipata kazi yake, na Yumna alitembea na lake akiwa na hadhi ya mtu aliyesema toka mwanzo kwamba litahitajika. Asubuhi waliamka kumekucha kweupe, wingu limeshuka, wakapanda mpaka ukingoni ambako wenyeji huwapeleka wageni. Bi Mwatum alimshika Suhail kwa sweta na Yumna kwa mkono. Chini yao mawingu yalitanda mpaka upeo, na kipande cha jua kikapita juu yake. Safaa alipiga picha. Bi Mwatum hakutaka kupigwa. Alisema mtu akipigwa picha anaitazama simu. Alisimama tu. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke, na Safaa alipomsogelea akidhani pana tatizo, alimtikisia kichwa kwamba hakuna.

Siku hiyo sokoni, mama mmoja muuza karoti, mtoto mgongoni, alisikia lafudhi yao akawauliza wanatoka wapi.

"Pemba."

"Mna ndugu hapa?"

"Hatuna."

"Mmekuja kwa mgonjwa?"

"Hasha, wazima wote. Tumekuja kutazama."

Yule mama aliwaangalia, bibi, wazazi, watoto na masweta yao, akawaongezea karoti bila kupimwa.

Walikuwa wamepanga kurudi kesho yake. Lakini nyuma ya nyumba ya wageni palikuwa na ndama mdogo, na asubuhi ya kuondoka Yumna alimkalia mbele akimsemesha, na Suhail akamshika mkia, na ndama mwenyewe hakuonekana kuchukia. Mizigo ilikuwa tayari garini. Ridha alikuwa keshaushika usukani, akijaribu honi. Safaa alitaka kwenda kuwaita.

"Waache," alisema Bi Mwatum. Akatandika kanga juu ya majani yenye umande, akakaa, akamenya karoti, na kuwatazama.